Ubao wa Mama Pacha

Asubuhi ile Mama Pacha alikuta mizizi miwili ya mlinganyo wake, yaani majibu yake, imebadilishana nafasi ubaoni, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akaikagua hesabu mstari kwa mstari, akakuta bado ni sahihi, akacheka. Hicho ndicho alichokuwa akisomea chuo kikuu, nadharia ya Galois: kwamba mizizi mingine hufanana kiasi kwamba ukiibadilisha nafasi, hesabu yote inabaki kweli. Mwingine angeuchoma ubao ule siku hiyohiyo. Lakini msomi, hata ukimletea jini, kwanza atatazama kama jini amekosea.

Ubao wenyewe mumewe, fundi majokofu, aliuokota kwenye shule iliyohamwa ili mkewe ajiandae na mtihani. Tangu uingie, sebule ilinuka nywele zilizoungua. Kisha watoto wao mapacha, Kurwa na Doto, wakawa kila mmoja anaamka kitandani kwa mwenzake. Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Baba yao alikwishakata tamaa ya kuwatofautisha. Aliyewajua ni mama peke yake, na siku hizo mama hakuwa na muda wa kuwatazama. Mume akamnong'oneza kwamba ubao urudi ulikotoka. Akamjibu asubiri mtihani upite, maana alishaanguka mara mbili.

Jumamosi mchana, akiwa ameupa mlango mgongo na chaki mkononi, huku harufu imezidi hadi macho yanamwasha, na nyuma ya ubao kitu kinakwaruza taratibu, kinanyamaza, kinakwaruza tena, alisikia sauti ya mumewe ikiuliza kwa upole:

"Nimchukue yupi?"

Alidhani anauliza mtoto wa kumwogesha. Akili ilikuwa kwenye mizizi, na ulimi ukatoa jibu ambalo wanahesabu hulitoa kila siku:

"Yeyote tu. Hakuna tofauti."

Mkwaruzo ukakoma. Ndipo akakumbuka kwamba mumewe yuko kazini.

Chumbani alikuta mtoto mmoja, ameketi sakafuni, amevaa shati la Kurwa na kaptura ya Doto.

Mganga aliyeletwa na mumewe alifukiza, akaweka sikio ubaoni, akainuka uso umemshuka. Alisema jini hakuiba. Aliuliza, akaruhusiwa na mama mzazi. Jini angemrudisha mtoto, ila kwa sharti.

"Mwite aliyechukuliwa kwa jina lake," mganga alinong'ona. "Mara moja tu. Ukikosea, na huyu anakwenda."

"Wewe unawajua, mke wangu," mume akasema. "Mwite."

Mama Pacha akapiga magoti, akamshika mtoto uso, akatafuta kile kitu ambacho siku zote kilimwambia bila yeye kufikiri, kwenye nyusi, kwenye kidevu, kwenye mkao wa masikio, asikione. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akamwuliza, mwanangu, wewe ni nani?

"Kurwa," mtoto akasema.

Akamwuliza tena.

"Doto."

Hakuthubutu kumwita yeyote. Mtihani alifaulu, na vizuri. Hadi leo yeye humwita mtoto wake "mwanangu" tu, na kila akiita huitikiwa na sauti mbili, moja ya mtoto aliye mbele yake, na nyingine kutoka ndani ya ubao, ikimwomba mama alitaje jina lake.