Masaa Mawili ya Njiani

Walikutana kwenye ukumbi wa abiria wanaowasili, siku ambayo uwanja wa ndege ulifurika mpaka watu wanakanyagana. Yeye, fundi miwani, amevaa gauni la kijani na viatu vya kuazima, alikwenda kumpokea shangazi yake. Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe alikuwa amepiga magoti akipapasa sakafu.

"Umepoteza nini, kaka?"

"Skrubu ya miwani. Na bila miwani siioni."

Akacheka, akatoa mkobani skrubu na bisibisi ndogo. Miwani iliporudi usoni, mwenyewe hakutaka tena kutazama kitu kingine. Alikuwa fundi wa lifti, amekuja kikazi kutoka nchi nyingine.

Wakapendana kwa simu miezi miwili. Alipokuja tena, alikuja kumwona yeye tu, na alipoondoka akasahau nakala ya tiketi kwenye kochi. Fundi miwani akaisoma. Kuja: anaondoka saa tatu asubuhi, anafika saa nne. Kurudi: anaondoka saa nane mchana, anafika saa moja jioni.

Akahesabu kwa vidole. Kuja, lisaa limoja. Kurudi, masaa matano. Akapiga simu.

"Mpenzi, toka kwako mpaka kwangu ndege inachukua muda gani?"

"Masaa matatu, roho yangu."

"Na kurudi?"

"Hayo hayo matatu. Unataka kuja?"

"Inatua popote njiani?"

"Haitui popote. Mbona leo unanihoji kama askari?"

Akamwonyesha dada yake ile karatasi. Dada akatikisa kichwa.

"Masaa mawili ya kurudi hayajulikani yaliko. Mdogo wangu, huyo ana nyumba nyingine njiani."

"Njiani wapi, dada? Angani?"

"Mimi sijui. Ila nyumba anayo."

Wiki tatu fundi miwani hakupokea simu za mpenzi wake. Alikosea vipimo vya wateja, akalala akihesabu, akaamka akihesabu. Mwishowe akakata tiketi akamwulize ana kwa ana. Tiketi yake nayo ilionyesha masaa matano, lakini ndege ikatua baada ya matatu. Saa ya mkononi ilisema kumi na moja, ya ukutani ilisema moja. Akamsogelea mama aliyekuwa akipiga deki.

"Mama, samahani, saa hii nzima?"

"Nzima, mwanangu. Umetoka magharibi, eh? Huku tumewatangulia masaa mawili."

Akakaa juu ya sanduku lake, akampigia.

Fundi wa lifti alifika na ovaroli yenye grisi. Akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Mimi nilijua umenichoka," alisema. "Nilikuwa nimepata nafasi ya kuhamia kwenu. Wiki iliyopita nikamwachia mwenzangu."

"Basi nihamie mimi."

"Hiyo ni akili au ni uchovu wa safari?"

"Sijui. Kichwa kimevurugika, hata sasa ni saa ngapi sijui. Lakini nataka unioe. Hilo halijavurugika."

Fundi wa lifti akanyanyua lile sanduku.

"Twende kwa mama kwanza," alisema. "Ananiuliza kila siku kwa nini sili. Leo utamjibu wewe."