Nani Anazima Ruta?

— Ghati, umezima tena!

— Sijazima! Mkono mmoja nimeshika padi ya gemu, mwingine nimeshika mwanao. Ningezima kwa kitu gani, kwa meno?

Kwenye runinga gari langu jekundu lilikuwa limeganda hewani, magurudumu juu. Ilibaki kona moja tu nimshinde.

Mume wangu Mniko yuko Mugumu, ni fundi umeme kwenye kambi za watalii. Mimi niko kwao Nyamwaga na mtoto wetu mchanga, Tabitha. Penzi letu lilianzia kwenye kibanda cha gemu, na mpaka leo kila jioni tunacheza mtandaoni gemu ileile ya kizamani ya magari, huku tunatukanana kwa mahaba. Lakini wiki hiyo, kila utamu ulipokolea, mtandao chali.

— Umezima na kuwasha?

— Nimezima, nimewasha, nimesogeza mashine ya gemu dirishani, nimebadilisha neno la siri la waifai. Bando lipo. Unataka niiombee sasa?

— Basi kaangalie taa za ruta.

— Mniko! Ruta umeifunga kwa baba yako. Unataka mkwe niingie kwa baba mkwe kuchungulia taa?

Anajua. Kwetu Wakurya mkwe haingii nyumba ya baba mkwe, wala yeye haingii kwangu, wala hatuongei uso kwa uso. Ila nyumba ya mzee Nashoni ndiyo iko mwinukoni, ndiko mtandao unakoshika. Mniko akaifunga huko, akapanda gari akaenda zake. Leo ananiuliza taa!

Nikamtuma mama mkwe. Akaenda, akarudi anajifuta mikono kwenye kanga.

— Zinawaka zote, mwanangu. Kijani kabisa.

Na kweli, mtandao ulisharudi. Kesho yake jioni, kona ileile, chali tena. Badala ya kupiga simu, Mniko akatuma ujumbe:

"Ghati niambie ukweli. Inakata jioni tu na ni kwako tu. Nani anaingia humo ndani? Jumamosi siji."

Nilihisi maziwa yananikauka. Nikapiga.

— Umeandika nini wewe?

— Wenzangu hapa wanacheza na watu wa Kenya, haikati. Kwako tu.

— Kwa hiyo nina mwanaume?

— Sijasema hivyo.

— Umeandika!

Sikukata simu. Nikamfunga Tabitha mgongoni, nikavuka uwanja mpaka ukutani kwa baba mkwe. Nikageuzia mlango mgongo, nikasema na mtoto, kwa sauti.

— Tabi, muulize babu yako, ile ruta jioni inaguswa na nani?

Redio ndani ikapunguzwa.

— Tabitha, mwambie mama yako naichomoa mimi.

Nikaisogeza simu karibu na ukuta.

— Tabi, muulize babu, kwa nini?

— Mjukuu wangu, kila jioni namsikia mama yako anamfokea mwanangu. "Leo nakumaliza! Leo unalala chini!" Ningefanyaje? Kuingia kwenu siwezi, kumuuliza siwezi. Mniko aliniambia hiki kidude ndicho kinaleta sauti yake. Nikichomoa, ugomvi unakwisha. Wakitulia, narudisha. Nilikuwa naokoa ndoa.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko.

— Nashoni! Na mimi nikaja kuangalia taa, ukaninyamazia?

— Wewe uliniuliza? Uliangalia taa, ukaondoka.

— Tabi, mwambie babu ile ni gemu tu ya magari. Hatukuwa tunagombana mpaka alipochomoa!

Kwenye simu mkononi mwangu ikatoka sauti ndogo ya Mniko, akimwita baba yake.

— Tata... nimesikia yote.

— Umesikia, eeh? Mwombe msamaha mkeo kwanza. Mimi utanikuta.

— Ghati, nisamehe.

— Kwa ujumbe ule? Kwa simu sikusamehe, Mniko. Utakuja useme hapa, nakuona macho.

— Jumamosi nakuja. Naleta padi ya pili, tukae kiti kimoja.

— Ndiyo uje. Sasa washa mashine.

Nikarudi kwangu, baba mkwe akachomeka ruta, tukaanza upya. Safari hii nilicheza kwa adabu, midomo nimebana, na Mniko akawa ananiacha mbali. Mara nikasikia kutoka mwinukoni:

— Tabitha! Mbona mama yako amenyamaza? Mwambie apige kelele! Ruta nailinda mwenyewe, haigusi mtu!

Nikacheka mpaka mtoto akashtuka mgongoni.

— Mniko, leo nakumaliza!

— Njoo, mke wangu. Njoo!

Gari langu jekundu likaruka kwenye ile kona, likapaa, na safari hii likashuka chini kwa magurudumu yote.