Siku Obiero Alipokula Njiani

Mtaani kwetu Nyalenda, hakuna anayejua mambo ya mbio kunishinda. Nimekimbia mara moja maishani, nikifukuzwa na bata mzinga wa jirani, na alinifikia. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Obiero anatengeneza baiskeli hapo Nyalenda. Mke wake, Beldina, alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yao, Sheryl, anafanya kazi Mombasa na hupiga simu Jumapili. Siku zingine Obiero huongea na redio. Mtangazaji akisema, "Habari ya asubuhi," Obiero hujibu, "Nzuri, bwana." Halafu anangoja kidogo, kama mtu atakayeulizwa tena.

Jambo moja lilimkaa moyoni. Tangu mazishi, hakuwa amemwona mama mkwe wake huko Seme. Mwaka wa kwanza hakuwa na kitu cha kubeba, na mkwe haendi mikono mitupu. Mwaka wa pili alionea aibu mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu aibu ilikuwa imeota ndevu.

Jioni moja jirani yake Winny, mhudumu wa afya wa mtaa, alisimama mlangoni.

"Baba Sheryl, kuna mbio. Kilomita hamsini, siku moja. Tunaanzia Kisian, tunapanda vilima vya Riat, tunapita Maseno, tunazunguka vijijini, tunamalizia Kit Mikayi kwenye yale mawe makubwa."

"Mshindi anapewa nini?"

"Hakuna mshindi. Hatushindani. Unakimbia, ukichoka unatembea, bora ufike kabla ya giza."

"Mtu akimbie hivyo siku nzima na asimshinde mtu?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni kazi ya matajiri wa Milimani. Wamekosa shamba la kulima."

Alicheka, lakini jina la Kit Mikayi lilimbakia sikioni. Njia ya kwenda kwenye mawe yale inapita kwenye lango la mama mkwe. Na mkimbiaji habebi kitu. Nani atamwuliza mkimbiaji sukari iko wapi?

"Niandike," alisema.

Kwanza Winny alimpeleka kliniki, akapimwa presha. Kisha wakaanza mazoezi, safari fupi, halafu ndefu kidogo, miezi mingi.

"Kilima kipande ukitembea," Winny alimfundisha. "Na ule kabla njaa haijakushika. Kidogo kidogo, njia yote. Maji pia, pamoja na chumvi kidogo. Ukijaza tumbo maji matupu, yanaweza kukudhuru."

Obiero aliitikia yote. Lakini chakula cha mazoezini alikula nyumbani, mlango umefungwa.

Siku ikafika. Watu walitoka Bondo, wengine hata Port Victoria. Kazi ya Winny ilikuwa kukimbia nyuma ya wote, ili asiachwe mtu.

Meza ya kwanza ya chakula njiani ilikuwa na viazi vitamu, ndizi na maji ya chumvi. Kina mama wa meza walimwuliza, "Umekula, Mzee?"

"Nimekula. Nimeshiba kabisa."

Kiazi kiliingia mfukoni. Meza ya pili alisema vilevile, na mfuko wa pili ukavimba. Mzee mzima atafune akitembea, kama mbuzi? Tena kuelekea kwa wakwe? Kwao mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Na watoto wa Seme wana macho, na habari zao zina miguu myepesi kuliko mkimbiaji yeyote.

Baada ya Maseno wenzake walimpita. "Tuko pamoja, Mzee," walisema, kisha wakapotea kwenye kona. Akabaki na pumzi yake tu.

"Habari ya mchana," alijiambia, kwa sauti ya redio.

"Nzuri, bwana," akajijibu.

Mikono ilianza kutetemeka. Jasho likawa baridi. Miguu ikalegea kama tyubu zilizotoboka, akaketi kando ya njia. Mawe ya Kit Mikayi yalionekana mbele, madogo kama ngumi. Akawaza kwamba wenye mbio watampitisha kwenye lango la mama mkwe ndani ya gari, amelala kama gunia. Asingerudi tena Seme baada ya hapo.

Winny alimkuta amefumba macho.

"Baba Sheryl, umekula?"

"Nimeshiba."

Winny akagusa mfuko wa Obiero. "Na hiki ni nini? Umeota nundu?"

Obiero aliufunika mfuko kwa mkono.

"Sikiliza. Mwili ukikimbia siku nzima, unamaliza chakula chote ulichokula asubuhi. Kutetemeka huku ni njaa. Kaa kivulini ule sasa. Usipopata nafuu, nakutoa mbioni, unaonwa na daktari. Na mtu wa meza akikuuliza, mwambie ukweli. Anauliza ili akusaidie."

"Wakwe wataniona."

"Wakikuona umekula, watasema umekula. Wakikuona umeanguka, watasema nini?"

Obiero akatoa kiazi mfukoni. Kisha akakimenya. Alikula polepole, akanywa maji yenye chumvi, akapumzika mpaka mikono ikatulia. Aliposimama, Winny alitembea naye hatua kwa hatua. Wakaongea kuhusu Beldina, jinsi alivyokuwa akicheka hata kanisani. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa sauti muda mrefu.

Jua lilikuwa limeinama walipofika langoni. Mama mkwe alikuwa ameketi njiani kwenye kiti, na sufuria ya viazi miguuni.

"Mama, sikuleta kitu," Obiero alisema.

"Umeleta miguu. Miaka mitatu nilikuwa nauliza miguu yako iko wapi." Akasukuma sufuria mbele. "Nilisikia mbio hizi zinataka mtu ale."

Obiero alitazama viazi, akatazama chini. Mama mkwe akaelewa. Alisimama, akageuza kiti, akampa mgongo.

"Kula. Mimi nimezeeka, macho yalishakwisha. Hata nikigeuka sioni kitu."

Obiero alikula kiazi kimoja, kisha cha pili. Winny alitazama ng'ombe wa jirani kwa bidii nyingi.

"Umeshiba?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, Mama. Bado nina njaa."

"Basi chukua kile kikubwa cha pembeni. Na ufute ndevu kwanza, kuna ganda."