Barafu Iliyoelea

Jioni ya kwanza baada ya sakafu mpya kukauka, barafu ilielea kwenye glasi ya Cosnel.

Kwa watu wa kwingine hilo si jambo la kusimulia. Lakini rumu ya pipa, ile pombe ya miwa tunayokunywa sisi wa kisiwa cha Carriacou, ni kali kiasi kwamba barafu ikitiwa humo huzama mpaka chini kama jiwe, na mgeni yeyote anayeshuka kijijini kwetu L'Esterre huonyeshwa hilo kabla hata hajaulizwa jina. Cosnel alikuwa fundi mashua mstaafu. Tangu afiwe na mkewe hakuwahi kukosa jioni hata moja kwenye baa ya Ismay, pale ufukweni, kutazama jua likizama. Aliinua glasi usawa wa macho, akaikagua, akairudisha mezani.

"Ismay, dada yangu, umeanza kutuuzia maji ya bomba?"

"Maji ya bomba hayakufanyi wewe upepesuke kila jioni," akajibu mwenye baa, mama wa miaka hamsini na ushei, mkono kiunoni.

"Onja mwenyewe, basi."

Ismay akaonja. Maji matupu, tena yaliyolala. Akachukua chupa ileile, akadondosha kidogo kiganjani, akalamba: moto. Akamjazia Cosnel glasi nyingine. Jua lilikuwa limegusa bahari. Barafu ilizama nusu, ikasita, kisha ikapanda juu taratibu.

"Chupa haina kosa," Ismay alisema kwa sauti ya chini.

"Basi ulimi wangu ndio umezeeka," Cosnel akasema, ila hakucheka.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kwa miaka ishirini na mitano sakafu ya baa ile ilikuwa mchanga. Kila mtu, kabla hajagusa glasi kwa mdomo, humwagia wazee waliotangulia matone yao chini. Hakuna anayefundishwa, mtu hukua akiona. Mchanga ukinywa, ndiyo wazee wamekunywa. Kisha wageni wa mashua za kitalii wakaanza kulalamika kwamba viti vinatitia, na Ismay akamwandama mumewe, Bertrand, miezi na miezi, mpaka akamwaga saruji. Bertrand alikuwa seremala, mtu wa maneno ya kuhesabika, na kazi yake haikuwa na doa. Desturi nayo haikuachwa. Tuliendelea kudondosha, na mimi nilikuwamo. Ila sasa rumu ilituama juu ya saruji, ikaita sisimizi, na kila asubuhi Ismay alipitisha deki yenye dawa. Haki ya wafu ikawa inaishia kwenye ndoo ya maji machafu, na hakuna aliyelifikiria hilo.

Wiki ya pili samaki wa kukaanga wakakosa ladha, pilipili ikawa haina tofauti na nyanya. Ni saa ileile tu, jua likigusa maji. Mchana kila kitu kilikuwa sawa. Ikafuata harufu, ya udongo mbichi wa kaburi linalochimbwa. Kisha sauti. Ismay ndiye aliyeisikia kwanza, alipoinama kuokota kifuniko cha chupa: chini ya saruji, karibu sana, kitu kilikuwa kinalamba. Kililamba polepole, bila kupumzika, kama mbwa anayemaliza sahani ambayo haina kitu tena. Akasimama, akafuta kaunta, akaongeza sauti ya redio.

Tungeweza kuzoea hayo. Watu huzoea mengi. Lakini palikuwa na Bertrand.

Yeye alikuwa na kiti chake kwenye nguzo ya upande wa magharibi, na alikaa pale kila machweo, miguu pekupeku juu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe. Jioni moja Ismay alikuwa akigeuza samaki kwenye jiko la mkaa, kaa likaruka, likatua juu ya mguu wa mumewe. Likakaa pale. Ngozi ikatoa moshi mwembamba, harufu ya nyama ikapanda, na Bertrand akaendelea kutazama bahari.

"Bertrand. Mguu wako unaungua."

Akautazama kama mguu wa mtu mwingine. "Naona," akasema.

Kwenye zahanati hawakuona kitu, maana walimpima asubuhi, naye asubuhi alikuwa na nafuu kidogo. Basi Ismay akaanza kumpima mwenyewe. Kila machweo alichukua sindano ya kushonea, akamchoma kuanzia kwenye kifundo cha mguu kwenda juu, mpaka pale atakaposhtuka. Jumatatu alishtuka kwenye goti. Alhamisi, kwenye paja. Jumapili sindano ilivuka kiuno na yeye hajapepesa macho. Alikuwa ameacha kucheka, kisha akaacha kuuliza chakula, na alipoambiwa kwamba dada yake wa Grenada amelazwa alisema "haya" na kugeukia jua. Ismay aliogopa, lakini hata woga wake ulimjia kwa mbali, umechuja, kana kwamba nao ulikuwa umelambwa.

Jumatano akaenda kwa Shangazi Elodie, mama anayesimamia karamu za wafu na ambaye watu humpelekea ndoto zao. Elodie alisikiliza huku akimenya mbaazi.

"Wazee wenu wanakunywa wapi siku hizi?" akauliza.

Ismay akakumbuka deki na ndoo yake.

"Mmewawekea kifuniko. Sasa wanakunywa kwenye glasi za watu. Glasi haziwatoshi, wameanza kumnywa mwenye miguu mitupu."

"Ataishaje, Shangazi?"

"Ganzi ikifika moyoni atabaki anakula na kulala tu, mwenyewe ameshakwenda. Kesho, jua likigusa maji, tunavunja. Utamtaja kila marehemu wako kwa jina, umimine, umwambie 'kunywa, uende'. Usisahau 'uende'. Ukimwita mfu bila kumuaga, anajua amekaribishwa akae."

Kesho yake baa ilifungwa kwa wageni. Cosnel alileta nyundo kubwa. Bertrand hakutaka kuinuka, wakamwacha kwenye kiti chake. Jua lilipogusa maji kulamba kukaanza, safari hii si mahali pamoja, bali chini ya sakafu nzima, chini ya meza na chini ya viti na chini ya miguu ya Cosnel aliyekuwa amevaa buti na bado anasema anausikia unyevu, na kadiri nyundo ilivyopiga ndivyo ndimi zile zilivyoharakisha, mpaka Ismay akahisi meno yake yanatetemeka mdomoni ingawa taya alilikaza. Pande la kwanza likang'oka. Cosnel akaligeuza. Upande wa chini, uliopaswa kuwa na chengachenga za mchanga, ulikuwa laini na unang'aa, umelambwa ukachimbika mifereji mifereji, kila mfereji upana wa ulimi.

"Usiliangalie," Elodie akanong'ona. "Mimina."

Ismay akamimina. Akamtaja baba yake, kunywa, uende. Mama yake. Wakwe zake wote wawili. Kaka yake aliyezama. Aliwataja wanane, na kila jina mchanga ulifyonza rumu kwa pumzi moja, na sauti moja ya kulamba ikanyamaza. Harufu ya kaburi ikapungua. Ismay akachukua sindano, akamchoma Bertrand kitovuni. Hakuna. Mbavuni. Hakuna.

"Kuna mmoja hujamtaja," Elodie akasema.

"Nimewataja wote."

"Ismay."

Hapo Bertrand, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumapili, akasema, "Usimtaje."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha Bertrand kilikuwa cha miaka ishirini na saba. Walikuwa wamepata binti. Aliishi siku tatu, akazikwa hajabatizwa. Hakufanyiwa karamu wala kutengewa sahani, kwa sababu wote wawili walirudi kutoka makaburini, wakavua viatu, na hawakumzungumzia tena. Walidhani ndiyo njia ya kuishi.

"Ananishika miguu," Bertrand akasema. "Tangu siku ya kwanza. Vidole vidogo, Ismay. Wengine wanalamba, yeye anashika tu. Ukimwambia aende, ataenda."

"Na wewe je? Wewe unakwenda."

"Mimi sisikii maumivu."

Ismay alimkasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu. Jioni zote hizi alikuwa akimchoma sindano mumewe kwa machozi, naye amekaa na mtoto wao, amemficha. Akamchoma tena, chini kidogo ya ziwa la kushoto. Bertrand hakushtuka. Ilibaki upana wa kidole kufika moyoni.

Akapiga magoti. Jina alikuwa nalo, alilichagua akiwa na mimba ya miezi saba na hakulitamka kwa mtu.

"Oriel," akasema, akimimina. "Oriel, mwanangu. Kunywa."

Mchanga ukanywa. Bertrand akapiga yowe. Kidonda cha kaa la moto kilimuuma chote kwa mara moja, na tundu za sindano, na miaka ile yote, akaanguka kutoka kwenye kiti akilia kwa sauti, na Cosnel akamkumbatia pale mchangani, naye analia, hata hajui kwa nini.

"Afadhali," Elodie akasema. "Anayelia yupo." Kisha akamgeukia Ismay. "Umemwambia aende?"

"Nimemwambia."

Ismay alikuwa amesharudi nyuma ya kaunta, mahali pekee ambapo nyundo haikufika na saruji ilikuwa bado nzima.

"Na hapo ulipo, tupavunje pia?" Elodie akauliza.

"Paache, Shangazi. Friji ni nzito, na Cosnel amechoka."

"Ismay, njoo ukae na mumeo," Cosnel akaita. "Anakuulizia."

"Nakuja," akasema.

Alivua kandambili zake, moja baada ya nyingine, akazisukuma pembeni. Saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo, kisha haikuwa baridi tena. Akasimama bila kusogeza mguu, kwa uangalifu, kama mtu aliyelaliwa miguuni na mtoto.