Gauni Lisilotaka Uso

Magharibi ilikuwa inaingia, na Pili, fundi cherehani wa Mbugani, alikuwa barazani kwake amebakiza pindo tu la gauni la yule dada wa Katumba Songwe. Nguo ameshona nyingi, lakini oda kama hii, hapana. Mteja alikuja amejitanda kanga, yamebaki macho tu, akanong'ona: "Fundi, mshono uvute watu kiunoni. Usoni pasifike mtu. Na usilijaribu mwilini mwako."

Usilijaribu! Fundi gani wa kike hajaribu, na vipimo vya mteja ni vilevile vyake? Tena Pili alikuwa na donge lake. Miaka kumi anawashonea wanawake wa Kyela ili watazamwe: mwenye tumbo analificha kwa marinda, mwenye shingo nzuri anamkatia kola ya chini watu waione. Yeye mwenyewe, mumewe Haruni hula akitazama simu.

Akaingia ndani, akalivaa.

Lilimkaa... lilimkaa vizuri mno. Likanuka tope la mtoni, na baridi ikampanda mgongoni.

Haruni akarudi kutoka msikitini. Simu ikashuka. "Umependeza, mke wangu."

Moyo wa Pili ukajaa. Kisha akaona macho ya mumewe yalipo.

"Niangalie usoni, baba Sabrina."

"Si nakuangalia?" Alikuwa anaongea na kiuno.

Akamshika kidevu, akakiinua. Macho yakateremka yenyewe...

Pili akalivua gauni, akajifunga kanga, akamchukua mwanawe Sabrina amnyonyeshe. Mtoto huyu wa mwaka mmoja ndiye pekee aliyezoea kumtazama machoni kila anaponyonya. Furaha ya Pili ya siku nzima ilikuwa hiyo tu.

Sabrina akanyonya, macho kiunoni. Pili akamwita, akamwimbia, akamfinya shavu. Wapi!

Hodi ikapigwa. Taratibu... mara tatu.

"Nimefuata gauni langu, fundi. Ndaga, asante."

Safari hii hakujitanda. Pili akaiona sura. Mwanya uleule wa meno, kovu lilelile la tetekuwanga juu ya nyusi. Ilikuwa sura yake mwenyewe, Pili.

"Mbona umechelewa kurudi?" Haruni akamuuliza mgeni, akimtazama usoni kwa upendo ambao Pili alikuwa hajauona miaka mingi.

Sabrina akaacha ziwa. Akamnyooshea yule mwanamke mikono yote miwili, akacheka.

"Mama."