Kifua Kisicho na Mshono

Kwanza zilikuwa pini. Asubuhi moja fundi cherehani alizimwaga mezani, na zote zikageuka taratibu, zikamwelekezea ncha kifuani. Alicheka, akasema ni sumaku ya mashine. Sumaku gani, jamani, inayochagua kifua cha mtu?

Kifua chenyewe kilikuwa kipya. Tangu usichana walimwita Ubao, na kwa kuwa watu hawana haya, hata wateja aliowashonea magauni ya harusi walimwita hivyo mbele ya mumewe. Mume akacheka nao. Hilo lilimkata maini. Akaamua kutafuta daktari wa kumwongezea matiti, na hapo ndipo alipoharibu: alimchagua daktari kama anavyochaguliwa fundi wa nguo, kwa kutazama mshono.

Daktari wa kwanza, mzee wa miwani minene, alimweleza hatari zote, kisha akamwonyesha picha za makovu ya wagonjwa wake. Ubao akabetua midomo. "Mshono kama huu mwanafunzi wangu ningemwambia afumue." Mzee akaachwa. Wa pili, kijana mtanashati, hakuuliza swali hata moja. Alimwita muuguzi wake, akamfungua blauzi. Kifua cha muuguzi kimejaa, na kovu hakuna, hata alama ya sindano.

Dada yake aliyemsindikiza alimvuta pembeni. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. "Mdogo wangu," alinong'ona, "kitu kimeingiaje bila mlango?"

"Dada, wivu huo."

Alipasuliwa siku hiyohiyo, akarudi nyumbani kwa miguu, bila bandeji wala maumivu.

Baada ya pini ikaja sauti. Akiinama kwenye cherehani alisikia mioyo miwili midogo ikipiga chini ya ngozi, kila mmoja na mwendo wake, na akitulia kabisa aliisikia ikinong'onezana. Ile harufu ya nywele ikahamia kwenye nguo zake. Hakumwambia mtu. Angesema nini, na mume ndiyo kwanza ameanza kumtazama?

Ndipo akaja bibi harusi kujaribu gauni. Ubao akamzungushia futi mgongoni, vifua vyao vikagusana, na kabla hajasoma kipimo ngozi yake mwenyewe ikachanika kama kitambaa kilichooza, yakatokeza meno, meno madogo mengi yaliyomdaka yule binti na kutafuna gauni jeupe na nyama kwa pamoja, binti akipiga mayowe na kumtwanga ngumi za uso, Ubao akijivuta nyuma na kulia "Si mimi! Si mimi!", mpaka dada aliyekuwa akinyoosha nguo akaja na pasi ileile ya moto akaikandamiza katikati yao, nyama ikaungua, meno yakaachia, na ngozi ikajifunga palepale, laini, pasipo hata mstari.

Binti alikimbizwa hospitali, hajitambui. Shangazi yao, ambaye ni mganga, akaitwa. Aliweka sikio kwenye kifua cha Ubao, akaruka nyuma, damu ikimchuruzika sikioni.

"Majini, tena machanga," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiyasomea yatataka kutoka, na pa kutokea hapana. Yatapitia moyoni. Tafuteni mtu wa kuyafungulia mlango."

"Shangazi, nitakufa?"

"Usipokatwa, utakufa."

Wakarudi kwa mzee wa miwani. Alikataa katakata, hadi visu vyake vilipogeuka vyenyewe kwenye sinia vikamwelekea mgonjwa. Ndipo akakata. Shangazi akasoma, sauti ikipanda, na vikatoka viumbe viwili, vyekundu, vyenye nyuso za watoto wachanga na meno ya panya, kimoja kikamng'ata mzee kiganjani hadi mfupani kikining'inia huku akikibamiza ukutani, kingine kikimrukia shangazi shingoni, dada akivinyofoa kwa koleo na kuvitupia kwenye sufuria ya kuchemshia vyombo, vikalia mle ndani kwa sauti ya Ubao, "Dada, naungua, nitoe," na dada akakandamiza mfuniko kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, mpaka pakawa kimya.

Mzee alishona kwa uzi mnene, mshono ukapinda.

"Mbaya!" Ubao alisema alipozinduka, akilia kwa furaha. "Dada, tazama ulivyopinda!"

"Mbaya kupindukia, mdogo wangu." Wakacheka, wameshikana.

Mzee akaingia kumfunga bandeji. Akavua glavu. Dada alitafuta jeraha kwenye kile kiganja kilichotafunwa, akakuta ngozi laini, pasipo hata mstari. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Lala tu, binti yangu," mzee alisema, akipitisha kidole gumba taratibu juu ya mshono, na kila kilipopita, uzi ulizama na ngozi ikajifunga.

Dada akarukia sinia kuchukua kisu. Visu vyote vilikuwa vimeshageuka. Nusu vilimwelekea mzee, nusu vilimwelekea mdogo wake.