Jasho Lililomtisha Nasimiyu

Kila asubuhi Nasimiyu alikanda unga wa chapati kwenye kibanda chao mtaani Mountain View, huku mumewe Tobias akiwasha jiko. Asubuhi hiyo mikono yake ilisimama ghafla ndani ya beseni. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni. Moyo ukamwenda mbio. Jasho likamchuruzika.

"Sukari inashuka!" aliwaza.

Alichomoa soda chini ya meza, akainywa yote. Ilikuwa ya pili tangu aamke.

"Mama Lornah, soda tena?" Tobias aliuliza. "Si daktari alikukataza?"

"Ni joto la jiko tu."

"Jiko lenyewe halijashika! Ama siku hizi ni mimi ninayekuchoma?"

Nasimiyu hakucheka. Dada yake mkubwa pia alikuwa na kisukari. Siku moja sukari ilimshuka akiwa anaoga. Alianguka bafuni, asiamke tena. Tangu mazishi yale, Nasimiyu aliogopa jasho lake mwenyewe. Kila lilipomtoka, alikunywa soda. Tena, kwa siri, alikuwa ameanza kuruka sindano zake za insulini, akihofia zitaishusha sukari zaidi. Sasa kiu haikumwisha, na nyuso za wateja aliziona kama ziko nyuma ya moshi.

Sista Waringa, muuguzi wa kliniki ya jirani, alikuja kununua chapati. Alimkuta Nasimiyu akijipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Mama, umepima sukari?"

"Ya nini, sista? Jasho si hili unaliona?"

"Hebu toa mashine."

Waringa alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine. Nasimiyu alifumba macho. Aliliona jeneza la dada yake.

"Haijashuka," Waringa alisema polepole. "Imepanda sana. Hedhi yako inakujaje siku hizi?"

Nasimiyu aliinamisha kichwa. "Inakuja, inapotea. Mwezi huu sijaiona."

"Basi nisikilize. Hedhi ikikaribia kukoma, wanawake wengi hupandwa na joto la ghafla. Jasho linatoka, moyo unaenda mbio, usingizi unakatika. Sukari ikishuka pia unahisi hivyo hivyo. Usikisie. Pima kwanza. Ikiwa imeshuka, kunywa kitu chenye sukari upesi. Kama huna mashine karibu, kunywa tu, maana sukari iliyoshuka haingoji. Lakini wewe mashine unayo! Na sindano je, unajidunga?"

Nasimiyu akanong'ona, "Nyingine nimeziruka."

Tobias aliweka makaa chini. "Tunafunga kibanda," alisema. "Twende kliniki."

Daktari hakumgombeza. Alimpangia upya insulini na kumpima macho. Alimweleza kwamba hata joto lile lina matibabu, ila asijinunulie dawa dukani. Daktari ndiye anayejua ipi inamfaa mtu mwenye kisukari.

Nasimiyu akaanza kuvaa nguo nyepesi za pamba. Joto lilipompanda, alipima. Mara nyingi sukari ilikuwa sawa, akajipepea mpaka likapita. Siku moja ilikuwa imeshuka kweli. Alikunywa juisi, akapumzika kidogo, akapima tena. Ilikuwa imerudi. Polepole kiu ilimwisha, na nyuso za wateja zikaonekana vizuri.

Lakini nyumbani bado alikuwa kimya, na alikuwa akioga harakaharaka kama anayefukuzwa.

"Mama Lornah," Tobias alimwambia jioni moja, "tangu mazishi huongei nami. Umenichoka?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Nasimiyu alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Naogopa kufa, Tobias. Naogopa kuanguka mle bafuni peke yangu kama dada. Nikienda kuoga, simama karibu na mlango. Niite jina langu, na usiache kuniita mpaka niitike."